Sura ya Saba: Ukifungua, Usipofungua

Usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa Julai, Maskati hailali mapema. Mchana joto limepita digrii 40, watu wamejifungia ndani na viyoyozi vyao, na jua likishazama ndipo mji unapoanza kuvuta pumzi. Nilikuwa nyumbani Al Khuwair, tumekwisha sali Isha, nimekaa sebuleni na mpwa wangu wa miaka 15. Taa tulikuwa tumezizima kwa makusudi. Mbele yetu palikuwa na kompyuta ndogo, na kwenye kioo chake hapakuwa na picha hata moja. Yalikuwamo maandishi tu, na chini yake kialama kinachopepesa, kinangoja tuseme neno.

Mchezo wenyewe unaitwa Anchorhead. Aliutunga Mmarekani aitwaye Michael Gentry mwaka 1998, akaugawa bure. Ndani yake wewe ni mwanamke uliyehamia na mumeo kwenye mji mdogo wa pwani, kwa kuwa mume amerithi nyumba ya ukoo ambao hakupata kuujua. Ni mwezi wa Novemba na mvua inanyesha. Umefika kwenye ofisi ya wakala mwenye funguo za nyumba hiyo, ukakuta pamefungwa, na wakala haonekani. Pembeni mwa ofisi kuna uchochoro. Basi. Mchezo umekwisha sema yake, sasa zamu ni yako: andika unachotaka kufanya.

Tukiwa tumekwama hapo, mama yangu akaingia na sinia ya chai na mandazi. "Mbona mmekaa gizani kama wezi? Mnasoma nini?"

Mpwa wangu alimjibu kwa Kiarabu, kama anavyomjibu siku zote. Kiswahili anakisikia chote, lakini ulimi wake haukubali kukitoa. Nikamweleza mama mimi: kuna mwanamke yuko mlangoni, mvua inamnyeshea, mlango umefungwa.

"Na hodi amepiga?"

Tukatazamana. Hatukuwa tumepiga. Tukaandika amri ya kugonga mlango, na hakuna aliyefungua.

"Mara ngapi?"

Tukagonga mara ya pili na ya tatu.

"Basi wenyewe hawapo. Hodi tatu zinatosha. Na arudi alikotoka."

"Hawezi kurudi, bibi," akasema mpwa wangu. "Mvua inanyesha, na pa kulala hana."

Alisema kwa Kiswahili. Sentensi nzima, yenye kichwa na miguu. Mama akaweka sinia chini, akakaa kwenye zulia kati yetu, akasema: "Haya, nisomee tena huo mlango ukoje." Tuliinuka saa saba na nusu za usiku. Kila kilichotokea kwenye kioo nilikifasiri, kila hatua mama aliipima, na mjukuu wake alikuwa akimuuliza: bibi, tufanyeje?

Nimeiandika sura hii kwa sababu ya usiku ule. Nataka kueleza mchezo wa namna hii ni kitu gani, umetoka wapi, na kwa nini khofu inayotengenezwa kwa maneno matupu inatufaa sana sisi wasemao Kiswahili tunaoishi mbali na pwani yake.

Pangoni

Hadithi shirikishi za kompyuta zilianza pangoni, na pango hilo ni la kweli.

Will Crowther alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman, Marekani, mmoja wa waliojenga mtandao wa ARPANET uliokuja kuzaa intaneti. Lakini mapenzi yake mengine yalikuwa mapango. Yeye na mkewe, Patricia, walikuwa wakishuka kwenye mapango ya Kentucky na kuyachora ramani, na mwaka 1972 Patricia alikuwa miongoni mwa waliogundua njia inayounganisha mapango ya Flint Ridge na Mammoth Cave. Baadaye ndoa ikavunjika. Crowther akawa anawaona binti zake wakimtembelea tu, na katika kutafuta kitu cha kucheza nao akawaandikia programu. Ilikuwa kati ya mwaka 1975 na 1976. Programu hiyo inakueleza kwa maneno mahali uliposimama pangoni, nawe unaiamuru kwa neno moja au mawili: nenda kaskazini, chukua taa. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupata mchezo huo akaupanua. Watu waliupa jina la Adventure, na vyuo vikuu vingi vilivyokuwa na kompyuta kubwa vikakesha nao.

Angalia mwanzo huo. Baba ametengana na wanawe, anataka kuwarudisha kwenye mahali alipopapenda, na njia aliyoiona ni kuwasimulia kwa namna ambayo na wao watajibu. Wengi wetu hapa Maskati tunalifahamu hitaji hilo. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 maelfu waliondoka Zanzibar, na tangu Sultan Qaboos alipotawala, Julai 1970, wengi wa wenye asili ya Oman waliokuwa huko na kwengineko walikuja kujenga maisha hapa. Walikuja na Kiswahili chao, wakakisema Ruwi, wakakisema Al Khuwair na Sib. Wajukuu zao wanasoma skuli kwa Kiarabu na Kiingereza. Mahali tunapotaka kuwarudisha tunapajua. Tulichokosa ni njia ya kuwafanya waitikie.

Nasi pango tunalo. Kama kilomita 100 kusini-mashariki ya Maskati, juu ya uwanda wa Selma, kuna matundu matatu kwenye jabali, na chini yake kuna chumba kimoja cha mawe chenye sakafu ya mita za mraba 58,000. Mwaka 1983 Don Davison, aliyekuwa akitafuta maji chini ya ardhi kwa ajili ya serikali, aliteremka humo kwa kamba mita zaidi ya mia moja peke yake. Mwaka uliofuata mkewe, Cheryl Jones, akashukia kwenye tundu refu zaidi, mita 158. Wenyeji walikuwa wakipaita Khoshilat Maqandeli. Jina lililoenea duniani, Majlis al Jinn, yaani baraza la majini, alilitoa Cheryl Jones. Huyu ni mtu wa vipimo na kamba, na bado alipotafuta neno la kueleza ukubwa na ukimya wa mahali pale, aliliona neno la majini ndilo linalotosha.

Kwenye pango la Crowther hakuna majini, lakini khofu imo tangu siku ya kwanza, na imetokana na jambo dogo sana: bila taa huoni kitu. Ukitembea gizani utatumbukia shimoni ufe.

Aliye gizani

Vijana wa chuo cha MIT waliocheza Adventure hawakutosheka. Mwaka 1977 walianza kutengeneza wa kwao, Zork, na mwaka 1979 wakaanzisha kampuni ya Infocom. Mwanzoni gizani kulikuwa na mashimo vilevile. Ila mchezaji mmoja akaanguka shimoni akiwa kwenye dari ya nyumba, na shimo lisilo na mwisho haliwezi kuwa juu ya dari. Dave Lebling, mmoja wa watungaji, akayafuta mashimo yote na badala yake akaweka kiumbe: kinaishi gizani, kinakula watu, na kinaogopa mwanga. Akakipa jina la grue, neno alilolitoa kwenye vitabu vya Jack Vance.

Kiumbe hicho hakijawahi kuonekana. Hakiwezi. Ukiwa na taa kimekimbia, na ukiwa huna taa huoni. Mamilioni ya watu wamekiogopa kwa zaidi ya miaka 40, na hakuna aliyekichora kwa namna ambayo mwenzake ataridhika nayo, kwa sababu kila mmoja amekwisha kukitengeneza kichwani kwa vipande vya khofu zake mwenyewe. Infocom walilijua hilo. Wakati washindani wao wakiuza picha za rangi, wao walitangaza kwamba ubongo wa binadamu ndio mashine bora ya picha. Mwaka 1987 Lebling huyohuyo aliandika The Lurking Horror, mchezo wao wa kutisha hasa, unaokuweka usiku wa theluji kali ndani ya chuo kinachofanana na MIT, ukizunguka vyumba vya chini ambako hakuna mtu anayestahili kuwapo. Miaka miwili baadaye Infocom ilifungwa. Biashara ya michezo ya maandishi ikaonekana imekufa.

Haikufa, bali iliacha kuuzwa. Mwaka 1993 Graham Nelson, mwanahisabati wa Uingereza, alitoa bure programu iitwayo Inform, ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia kutunga michezo ya aina ile ile ya Infocom. Mwaka 1995 watunzi wakaanzisha mashindano yao ya kila mwaka. Na mwaka 1998 ikaja Anchorhead, iliyoandikwa kwa Inform. Faili lake halizidi kilobaiti 512, dogo kuliko picha moja unayopiga kwa simu leo, na ndani yake mna mji mzima wenye mitaa, maktaba, makaburi na siri za ukoo. Miaka ishirini baadaye mtungaji alitoa toleo jipya la kuuza, lenye vielelezo, lakini lile la mwanzo linaendelea kuchezwa bila senti.

Nimeona filamu nyingi za kutisha, na khofu yake hukatika taa zikiwashwa. Filamu inakuonyesha zimwi alilolichagua mwenye kamera. Ukishalizoea sura, umeshalishinda. Maandishi hayakuonyeshi. Yanakwambia mlango wa chini uko wazi, na kumbukumbu yako inakwambia uliufunga. Kisha yananyamaza na kukungoja, nawe ndiye utakayeandika neno la kushuka ngazi. Hakuna wa kumlaumu. Mkono ulioandika ni wako.

Pakawa

Mama alipoufahamu mchezo, alisema: "Kumbe hii ngano." Sikumpinga, na kila nikilifikiri naona amesema kweli kuliko wataalamu wote niliowasoma.

Msimulizi wa pwani haanzi kusimulia mpaka aitikiwe. Anasema Paukwa, na asiposikia Pakawa, hadithi hakuna. Bara wanaambiana hadithi, hadithi, na jibu ni hadithi njoo. Tuliokua juu ya mikeka ya bibi zetu tunakumbuka kwamba mwitikio haukuwa pambo. Bibi akifika mahali ambapo mtoto wa mfalme amekatazwa chumba cha saba, alinyamaza. Akatutazama mmoja mmoja. "Mngekuwa nyinyi, mngefungua?" Tukagombana, huyu anafungua, yule anakimbia, na yeye akaifuata hadithi kule tulikoisukuma, kwa kuwa aliyajua yaliyomo nyuma ya mlango na yaliyoko kwenye njia ya kukimbia. Usiku mwengine ngano ileile iliishia pengine.

Kialama kinachopepesa kwenye kioo ndicho Paukwa ya kompyuta. Na anayekumbuka jinsi Shahrazad wa Alfu Lela Ulela alivyookoa roho yake kwa kuikata hadithi mahali pa khofu, ataelewa kwa nini mchezo wa maandishi unaweza kumweka kijana macho mpaka alfajiri: hadithi imekatwa hapohapo, na mwenye uzi wa kuiunganisha ni msikilizaji.

Lugha yetu imejengwa kwa kazi hii. Michezo hii yote inazunguka kwenye mafundo mawili ambayo Kiswahili kinayafunga ndani ya kitenzi kimoja: ukifungua, usipofungua. Mtunzi hahitaji maelezo marefu ya sharti. "Ukiitika, atajua uliko. Usipoitika, atakuja kutazama." Maneno sita, na njia mbili zimekwisha chorwa. Ukitaka kuyasukuma matukio yakimbie bila kupumzika, iko -ka-: ukashuka, ukasikia, ukageuka, ukakuta hakuna mtu.

Na tuna kitu chengine ambacho Kiingereza hakina. Ngeli zetu zinaweza kutisha peke yake. Niandike "akasogea," na msomaji ameona mtu. Niandike "kikasogea," ameona kitu, labda kidogo. Lakini niandike "likasogea," bila kusema ni nini, na msomaji amepata habari mbili kwa mpigo: si mtu, na si kidogo. Jina halijatajwa. Bibi zetu walilijua hili, ndiyo maana zimwi lao mara nyingi lilikuja kwa li- kabla halijaja kwa jina lake.

Hata kwenye ile michezo ya kuandika amri, ngeli ni msaada. Mchezaji wa Kiingereza akiwa amekuta ufunguo na taa mahali pamoja, akaamuru kichukuliwe "hicho", kompyuta lazima ikisie ni kipi. Mchezaji wa Kiswahili akiandika "uchukue" amesema ufunguo. Akiandika "ichukue" amesema taa. Atakayekaa chini kuifundisha kompyuta kusoma amri za Kiswahili atakuta kazi kubwa kwenye viambishi, lakini atakuta pia sarufi inayomwonyesha njia.

Bahla na Pemba

Mara nyingi nimesikia vijana wakisema kwamba mambo ya kutisha ni ya Wazungu: jumba la kale, mnara, mvua ya Novemba. Mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa Maskati hana sababu ya kusema hivyo, maana amerithi hazina mbili.

Upande wa Oman iko Bahla, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Maskati. Ngome yake ya udongo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987, na ukuta uliouzunguka mji una urefu wa kilomita 12 hivi. Wazee husimulia kwamba ukuta ule majini walishiriki kuujenga, na Oman nzima jina la Bahla likitajwa jioni watu hupunguza sauti. Upande wa pili kiko kisiwa cha Pemba, ambacho sifa yake kwa mambo hayo haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili. Watu wa Bahla na watu wa Pemba wameoleana, wamefanya biashara, na hadithi zao zimepanda majahazi pamoja kwenda na kurudi.

Oman wana neno mughayab: mtu aliyekufa machoni pa watu, akazikwa, kisha akaonekana kwa mbali usiku, amechukuliwa na mchawi, hajui tena jina lake. Tanzania tunamwita msukule. Mama zetu waliosikia habari za msukule utotoni walifika hapa wakakuta majirani wanasimulia mughayab, na hawakuhitaji mkalimani. Fikiria mchezo ambamo wewe ni mtu aliyepigiwa simu usiku na jirani wa Sib anayeapa amemwona kaka yako barazani. Kaka uliyemzika mwezi uliopita. Unakwenda au huendi? Hapo sijataja jumba la Mzungu hata moja.

Lakini hazina hii ina uzito wake, na lazima ichukuliwe kwa mikono miwili. Mwaka 1995, khofu ya kiumbe aitwaye popobawa ilipoanza Pemba ikavuka mpaka Unguja, watu wazima walilala nje kwa makundi, wamewasha moto, hawathubutu kuingia vyumbani mwao. Haukuwa mchezo, na kuna waliopigwa na umati kwa kudhaniwa ndio popobawa. Khofu iliyotoka nje ya hadithi inaweza kuua. Ile iliyomo ndani ya hadithi ina mlango wa kutokea, na mtungaji mwema anakuonyesha ulipo kabla hujaingia.

Mwandishi Muhammed Said Abdulla alitupa kielelezo. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, inaanza kwa maiti iliyokutwa kwenye mzimu. Kila mtu anajua nani ameua: mzimu. Mpelelezi wa riwaya, Bwana Msa, peke yake, na kiko chake mdomoni, anauliza maswali. Msomaji anatishwa kwelikweli, na khofu hiyo inamfundisha kuchunguza. Mchezo wa maandishi unaweza kufanya hivyo zaidi kuliko riwaya, kwa sababu anayeuliza maswali si Bwana Msa tena. Ni wewe.

Kuandika wenu

Mpaka naandika sura hii sijapata kucheza mchezo wa kutisha wa maandishi uliotungwa kwa Kiswahili na mtu mwengine. Tuliocheza ni wa kwetu wenyewe.

Baada ya ule usiku wa Anchorhead, mpwa wangu alitafuta programu iitwayo Twine. Aliitengeneza Chris Klimas, Mmarekani, mwaka 2009, na ni ya bure. Nayo haimtaki mchezaji aandike amri. Mtungaji anaandika vifungu vifupi, na ndani ya kila kifungu anaweka maneno ya kubonyeza yanayompeleka msomaji kwenye kifungu chengine. Kwenye kioo cha mtungaji vifungu vinaonekana kama vijisanduku vilivyounganishwa kwa mishale, mfano wa ramani ya Crowther. Hakuna haja ya kujua lugha za kompyuta. Kazi ikiisha inatoka faili moja linalofunguka kwenye simu yoyote yenye kivinjari, hata bila intaneti, na linatumwa kwa WhatsApp kama picha.

Kwa zana hiyo nyepesi Michael Lutz alitunga My Father's Long, Long Legs mwaka 2013, habari ya baba anayeanza kuchimba shimo chini ya nyumba yake na hasemi kwa nini. Ni wa bure, unakwisha kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa, na hauna zimwi lolote la kuchorwa. Nilimpa mpwa wangu aucheze. Alipomaliza alisema: "Mimi pia ninaweza kumwandika baba anayechimba." Nikamwambia bibi yako ana wa kwake, kamuulize.

Akamuuliza. Jioni sita mfululizo walikaa pamoja, kijana na kompyuta, mzee na tasbihi. Mzee anataja, kijana anaandika, na wakifika njia panda wanagawana: wewe chukua wa kulia, mimi wa kushoto. Kifungu chao cha kwanza ni hiki, nimekinukuu kwa idhini yao:

"Umechelewa Matrah. Maduka ya ubani yamefungwa, na kichochoro ulichopitia jioni hukioni tena. Mbele yako kuna mlango wa mbao ambao haukuwapo. Ndani mtu anatwanga. Harufu ni ya karafuu mbichi, na hapa hakuna anayetwanga karafuu mbichi."

Chini yake yako maneno mawili ya kubonyeza: Piga hodi. Rudi sokoni.

Ukipiga hodi mara moja, kutwanga kunakoma. Mara ya pili, sauti ya mwanamke inauliza nani, kwa Kiswahili cha Pemba. Mara ya tatu, inakutaja kwa jina. Sheria ya hodi tatu, ile aliyoisimamia mama usiku wa kwanza, ndiyo imekuwa uti wa mgongo wa mchezo mzima: anayejua adabu ya kwao anatambua kwamba baada ya hodi ya tatu isiyofunguliwa huna budi kuondoka. Anayeng'ang'ania anafunguliwa, na aliyefungua si mwenye nyumba.

Kwa atakayejaribu, niseme machache niliyojifunza kwa kuwatazama. Anza na mahali unapopajua kwa miguu yako, maana khofu inahitaji ardhi ya kukanyaga. Njia mbili kwenye kila kifungu zinatosha. Ukitoa tano msomaji anahesabu badala ya kuogopa. Usimwadhibu mtu kwa kubahatisha vibaya, muadhibu kwa kupuuza alichoambiwa. Kilichoko gizani usikitaje mpaka utakapolazimika, na kama hujalazimika, kiache. Kisha msomee mzee kwa sauti. Pale atakapokukatiza kwa kusema "sivyo", ndipo pana hadithi.

Kuna wazazi walioniuliza kama inafaa kumshughulisha mtoto na habari za majini. Swali lao ni la haki, na sisi ni watu tunaoamini kwamba majini wapo; Kur'ani ina sura nzima yenye jina lao. Jibu langu ni lile alilolifanya mama bila kuulizwa. Hakukubali mchezo wao ufundishe uganga wala kutaja maneno ya kuita. Hakukubali mdogo wa mpwa wangu, mwenye miaka saba, aucheze. Na kwenye kila njia aliweka mahali ambapo msomaji anaweza kusema Bismillahi, akageuza mgongo, akarudi kwenye taa za pwani ya Matrah na watu wake. Kurudi huko hakuhesabiwi kushindwa. Katika mchezo wao ni mwisho mwema kuliko yote.

Sasa mchezo huo una vifungu 41. Mpwa wangu ameutuma kwa binamu zake wa Unguja, nao wamemrudishia masahihisho ya maneno aliyoyakosea, naye ameyapokea yote. Bibi yake anamsemesha kwa Kiswahili na yeye anamjibu kwa Kiswahili, tangu jioni zile sita mpaka leo. Sina ushahidi kwamba njia hii itazifaa nyumba zote. Ninachojua ni kwamba miaka kumi ya kumwambia "sema Kiswahili" haikufua dafu, na mlango mmoja uliofungwa kwenye mvua ulifua.

Kwa hiyo wewe msomaji, ikiwa uko Maskati, Mombasa, Dubai au London, na nyumbani kwenu yupo mzee mwenye ngano ambazo hakuna aliyeziandika, usingoje mtu wa chuo kikuu aje na kinasa sauti. Zana ni za bure, faili ni dogo, na usiku ni mrefu. Mkalishe kijana kando ya mzee huyo, zima taa, mwambie mzee aseme Paukwa. Wazee hawatungoji. Ifanyeni wiki hii.